Mfalme Aliyelala Nyuma ya Nyumba Yangu

Jumatatu, 11 Mei
Dharau iliyoje! Kamati ya kijiji inataka kusawazisha kilima kilicho nyuma ya nyumba yangu, eti wapate pa kuegesha magari. Mwenyekiti ni jirani yangu Catchpole. Nani mwingine? Nikasimama mkutanoni nikawauliza kijiji hiki kinaitwaje. Barrow End. Na barrow, kwa Kiingereza cha kale, ni kilima cha kaburi. La nani? La mfalme, bila shaka! Nani anaegesha gari juu ya mfalme? Catchpole akajibu kwamba barrow ni toroli, Bwana Thrupp, na huyo mfalme wako labda alikuwa akisukuma samadi. Watu wazima wakacheka mpaka chai ikawatoka puani.

Jumanne, 12 Mei
Kamusi iko upande wangu! Barrow ya toroli imetokana na neno la kale la kubeba, barrow ya kaburi na neno la mlima. Maneno mawili yasiyo na undugu wowote, yamefanana sauti tu. Nikambandikia Catchpole maelezo hayo mlangoni. Jioni nikayakuta mlangoni kwangu, yameongezwa wino mwekundu: barrow pia ni nguruwe dume aliyehasiwa, chagua linalokufaa. Mke wangu Winifred akacheka. Mke wangu! Na ndiye anayeketi kilimani kila jioni kufuma sweta. Kikibomolewa atakaa wapi? Akasema, "Ndiyo maana nakuomba uniache nikaongee na kamati mimi, mume wangu." Hajui vita huyu.

Jumatano, 13 Mei
Mfalme bila mifupa ni maneno matupu. Nimechukua mfupa mkubwa kwenye supu, nikausugua kwa udongo, nikauloweka kwenye chai nzito ili upate uzee. Nimeuzika kilimani. Majani ya kuwasha yamenila mpaka viwiko, lakini ushujaa una gharama. Kisha nikampigia simu Dakta Pargeter wa jumba la makumbusho. Anakuja Ijumaa!

Ijumaa, 15 Mei
Sitaki kuandika. Nitaandika.
Kijiji kizima kilikuja. Dakta Pargeter, mama mpole mwenye kofia ya mvua, alichimba pale nilipomwonyesha. Akautoa mfupa. Akaunusa. Akauliza taratibu kama wafalme wa enzi zile walizikwa na vitunguu. Halafu akatangaza kwamba ni paja la nguruwe. Catchpole akapaza sauti kuuliza kama ni dume aliyehasiwa. Dakta akasema mfupa huo peke yake haumwambii. "Basi tumuulize Thrupp," akasema Catchpole, "si ndiye aliyemla?"
Sijawahi kutukanwa hivi tangu nizaliwe.
Tena Dakta akaendelea! Kwenye majina ya vijiji, alisema, barrow mara nyingi si kaburi, si toroli, wala si nguruwe. Ni neno la nne, lililokufa zamani: kijisitu. Na kilima chenyewe ni udongo uliotupwa hapo bwawa lilipochimbwa. Bwawa la bata!

Jumamosi, 16 Mei
Winifred amekwenda kwenye kamati na keki ya ndimu. Amewaambia ni aibu kijiji chenye jina la kijisitu kukosa hata kichaka. Wapande miti kilimani, magari yakae nyuma ya baa. Wamekubali wote, midomo imejaa keki. Catchpole atapanda mti wa kwanza, mbele ya umma, kesho kutwa. Kilima kimepona. Winifred anafuma sweta yake kama kawaida. Na mimi niliyeanzisha mapambano? Hata asante sikupewa!

Jumapili, 17 Mei
Nimetafakari kwa kina. Kosa langu lilikuwa moja tu: sikuuosha mfupa vizuri.
Leo nimepekua kamusi ya majina ya ukoo. Catchpole, asili yake: mfukuza kuku! Mwenyewe hana habari. Basi kesho, akiinua sepetu tu, kijiji kitajua. Nimeazima kuku kwa kasisi, majogoo kwa mitetea. Wamo kapuni chini ya ngazi. Winifred ameuliza ni nini kinacholia. Nimemwambia ni tumbo langu.