Habari za Kuokolewa kwa Kofia ya Bi Odessa Hargrove

Sogeeni, enyi waungwana. Mliosimama ketini, na mnaotafuna mmeze kwanza, kwani nitakayoyanena si ya kusikilizwa na mtu ambaye kinywa chake kina kazi nyingine. Nanena vita baina ya kofia na upepo, vilivyopiganwa katika uwanja wa kanisa la Mlima Pisga, nje ya mji wa Greenwood, jimbo la Mississippi, chakula kikiwa kimekwisha kuandikwa mezani. Nauomba ulimi wangu usipunguze wala usizidishe, maana walioshuhudia wangali hai, na wote ni wabishi.

Zilikuwa zama za Lavelle Hargrove, mpokeaji mkuu wa timu ya Baghala wa Memphis katika mpira wa Kimarekani, ule wa kurushwa na kudakwa, bwana wa mikono isiyoangusha. Kwa misimu kumi na mmoja, kila mrushaji alipoutupa mpira mbali, hata alipoutupa kwa kukata tamaa, Lavelle aliufuata huko angani akautwaa kama mtu achumaye chungwa katika mti wa kwao. Walinzi waliopewa kazi ya kumkaba walizeeka kabla ya umri wao. Akina mama walimwombea, na vinyozi waliapa kwa jina lake.

Kiangazi hicho wakuu wa Baghala wakamleta kijana kutoka Alabama, Quindarius Pettway, mwana wa Lucinda, mwepesi wa miguu hata kivuli chake kilimfuata kwa kuhema. Kazi yake ilikuwa ile ile ya Lavelle: kukimbia na kudaka. Na kabla hajadaka hata mpira mmoja wa mechi, redio zikatangaza, magazeti yakaandika na vinyozi wakakoleza, ya kwamba huyu ndiye Hargrove mpya. Wala hapakuwa na aliyeuliza kama yule wa zamani amechakaa.

Jina hilo lilimwelemea Quindarius kuliko ngao zake za mabega. Tangu utotoni alikuwa ameibandika picha ya Lavelle juu ya kitanda chake, sasa mwenye picha alifunga kamba za viatu benchi moja naye, na katika majuma yote ya kambi hakuwa amemwambia neno lililozidi "Pisha." Kijana akaanza kudaka vibaya. Mipira ambayo kwao angeidaka huku amesinzia ikamponyoka mbele ya makocha, kwani kila mmoja ulipomjia alijiuliza kwanza Hargrove angeudakaje, na mpira hauna subira ya kungoja jibu.

Ndipo ikaja amri. Haikutoka kwa kocha, bali kwa aliye juu ya makocha: Bi Odessa Hargrove, aliyemlea Lavelle mjukuu wake tangu anatambaa, mama wa miaka themanini na ushei, ambaye hata mbwa wakali wa mtaa wake walimpisha njia. Alimpigia mjukuu simu.

"Jumapili hamna mazoezi. Njoo kanisani. Na umlete huyo mtoto wanayekulinganisha naye, nimwone."

"Bibi, yule dogo ana shughuli zake."

"Nimekuuliza shughuli zake?"

Basi wakasafiri wawili hao garini, mashamba ya pamba yakiwapita kulia na kushoto, na katika safari yote Lavelle alinena mara moja tu. Alisema, "Usiguse redio."

Kanisani, Bi Odessa alikuwa ameketi benchi la tatu, na juu yake imeketi kofia. Ilikuwa ya zambarau, pana kama sinia la pilau, imezungushiwa utepe wa hariri na kusimikwa manyoya yaliyonesa kila alipoitikia amina. Marehemu mumewe, Mzee Alonzo, ndiye aliyemnunulia, Pasaka yake ya mwisho duniani. Na tangu hapo kofia hiyo haikutoka kabatini ila kwa Jumapili zenye uzito.

Mchungaji Tolliver, mtu asiyeweza kuona jambo akalinyamazia, aliwaona wachezaji wawili akaacha mahubiri aliyoyaandaa.

"Ndugu zangu! Israeli walipewa Eliya. Na Eliya alipokuwa akiondoka, wakapewa nani?"

"Elisha!" kanisa likanguruma.

"Leo nawaona wote wawili wamekaa benchi moja!"

"Mimi sijaondoka popote," Lavelle akanong'ona.

"Nyamaza, uko kanisani," akasema bibi yake. Quindarius akayatazama magoti yake, akatamani sakafu impokee.

Ibada ilipokwisha wakatoka uwanjani, palipokuwa na kuku wa kukaanga, sukuma wiki iliyopikwa na nyama ya moshi, mkate wa mahindi, na chai baridi yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Nyuma ya meza, ng'ambo ya nyasi fupi, palikuwa na tuta la udongo, na nyuma ya tuta bwawa la kufugia kambare la Shemasi Purvis. Upande wa magharibi, kuliko na Arkansas, wingu jeusi lilikuwa limekwisha kuinua kichwa, ila kwa kuwa kuku alikuwa wa moto hapana aliyelijali.

Bi Odessa akamkalisha kijana mbele yake, akaanza kumhoji.

"Kwenu wapi? Mama anaitwa nani? Anakupigia simu au unampigia wewe?"

"Nampigia mimi, Bi Odessa. Kila Jumatano."

"Vizuri. Sasa niambie bila kupinda. Umekuja kumnyang'anya mjukuu wangu kazi?"

Meza nzima ikaacha kutafuna. Lavelle akajifanya anatafuta chumvi.

"Hapana, Bi Odessa. Nimekuja kudaka tu. Na hata hilo sasa linanishinda."

Bi Odessa akainama amtazame vizuri machoni, na katika kuinama kule pini ya kofia ikalegea. Upepo, uliokuwa ukivizia nyuma ya wingu tangu asubuhi kama jemadari mwenye hila, ukauona mwanya huo ukashambulia. Kofia ikang'oka. Ikapanda juu ya kuku, juu ya vichwa vya wazee wa kanisa, manyoya yakipepea kama bendera ya jeshi lililotekwa, ikashika njia ya bwawani.

"Alonzo!" akalia Bi Odessa, na wote waliosikia walielewa kwamba hakuwa akiita kofia.

Wakainuka wapokeaji wawili kwa pamoja, na viti vyao vikaanguka nyuma. Quindarius akatimka kama mshale, tai ikimpiga shavuni, macho juu. Kofia ikaenda kushoto akaenda kushoto, ikarudi kulia akarudi kulia, akateleza, akainuka. Lavelle hakuifukuza. Alitazama mara moja vile nyasi zilivyolala, akaenda zake moja kwa moja hadi kwenye tuta, mahali ambapo hapakuwa na kofia yoyote, akasimama kama mtu aliyefika mapema kikaoni. Na upepo ukageuka, ukamletea.

Wakati huo Quindarius alikuwa amemfikia begani. Angeweza kumpita. Lakini alifikiri: nikiidaka mimi, mbele ya bibi yake na kanisa lililombatiza, nitakuwa nimempora nyumbani kwake. Akapunguza mwendo, kidogo tu, kiasi ambacho mtu wa kawaida hangekitambua.

Lavelle akaruka. Miaka kumi na mmoja ya vita ikaruka pamoja naye, na ndiyo iliyokuwa mizito. Vidole vyake viligusa ukingo, kofia ikacheua kinyoya kimoja, ikapinduka, ikapaa tena kuelekea majini. Naye akatua vibaya, akashika goti. Chini, kambare walikuwa wamekwisha kukusanyika wakidhani wameletewa chakula.

"Dogo!" akapaza sauti kutoka chini alipokaa. "Unangoja nini? Yako hiyo!"

Quindarius akaruka kutoka juu ya tuta, suti na viatu vya Jumapili mwilini, hana swali lolote kichwani. Akanyooka hewani hata Shemasi Purvis akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mkono wa kulia ukaikuta kofia. Kisha mwili wote ukazama kwa kishindo, maji yakafunga juu yake, na juu ya maji ukabaki mkono mmoja ulioshika kofia ya zambarau, kavu kama ilivyotoka kabatini.

Alipoibuka, matope kifuani na kambare wakimpapasa miguu, Bi Odessa alikuwa amekwisha kufika tutani. Akaipokea kofia, akaigeuza, akaipuliza.

"Kinyoya kimoja hakipo," akasema. Kisha, kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Lavelle angeidaka bila kulowa."

Watu wakacheka. Kijana akainamisha kichwa, kwani hata bwawani ulinganisho ulikuwa umemfuata.

"Hapana, Bibi," akasema Lavelle. Alikuwa amesimama sasa, mguu mmoja ukifanya kazi ya miwili. "Niliigusa ikanipita. Mwaka jana ningeifikia. Mwaka huu aliyeifikia ni huyu, na anaitwa Pettway. Sema kweli, kanisa liko hapo nyuma yako."

Bi Odessa akalitazama goti la mjukuu wake kwa muda mrefu.  Akamgeukia aliyekuwa majini.

"Pettway, toka humo. Kuku anapoa."

Akavalishwa suruali ya marehemu Mzee Alonzo, iliyokimbiliwa nyumbani kwa Bi Odessa nayo ikamwishia juu ya kifundo, akaketishwa kulia kwa Bi Odessa, akapewa paja kubwa kabla ya wazee wa kanisa. Mchungaji Tolliver akainuka kueleza namna Elisha alivyoyapiga maji ya Yordani.

"Mchungaji," akasema Bi Odessa, "kula."

Lavelle akasogeza kiti chake karibu na kijana, akanena kwa sauti ya chini.

"Ulipunguza mwendo pale."

"Kaka, mimi..."

"Nilikuona. Usinifanyie hivyo tena, iwe kofia, iwe mpira. Anayenipunguzia mwendo ananizika mapema." Akapaka siagi mkate wake pole pole. "Na jingine. Wewe unakimbiza vitu. Upepo ukigeuka unabaki umeduwaa. Tazama kitu kinakokwenda, ukakisubiri huko. Kesho njoo mapema kabla ya makocha, nikuonyeshe."

"Mapema saa ngapi?"

"Ukinikuta nimefika, umechelewa."

Ndivyo ilivyookolewa kofia ya Bi Odessa Hargrove, Jumapili ya Agosti, mbele ya mashahidi walioshiba. Wafalme wametwaa miji wakasahauliwa. Lakini Greenwood hadi leo mgeni hukalishwa akasimuliwa, na Shemasi Purvis humpeleka tutani akamwonyesha alama ya kiatu, ingawa mvua imekwisha kunyesha mara nyingi. Kofia ilirudi kabatini ikiwa na utepe wake na manyoya yake yote, isipokuwa kile kimoja, na hicho wanacho kambare.