Glavu za Mtanashati

Jumatatu, 4 Machi

Nafasi ya msimamizi wa maabara ya fizikia imetangazwa. Hatimaye! Tumo wawili: mimi, na fundi mwenzangu ninayemwita Mtanashati. Mkaguzi wa vyombo anakuja Ijumaa. Atakayemridhisha atapewa cheo. Atakayeshindwa atapelekwa idara ya mimea kuosha vyungu. Mimi, vyungu! Idara ile ni ya wanawake na wanaume laini. Fizikia inataka kifua.

Jumanne, 5 Machi

Nimemchunguza Mtanashati kwa utaratibu. Shati limenyooshwa pasi hadi mikononi. Anapaka losheni. Hagusi hata lenzi ya mazoezi bila glavu. Hajaoa. Jibu ni moja: anapenda wanaume wenzake. Kwa hiyo fizikia haimfai.

Nilimweleza mke wangu hesabu hiyo. Aliacha kukunja nguo, akasema marehemu baba yake alipaka losheni maisha yake yote na aliacha watoto tisa. Nikamwambia baba yake hakuwa mwanafizikia. Akasema hata wewe si mwanafizikia, baba watoto, wewe unafuta vumbi. Nimelala nimempa mgongo.

Jumatano, 6 Machi

Balaa! Nilitaka wanafunzi waone mwanamume anavyofanya kazi. Nikakishika kioo ghali kuliko vyote maabarani, chenye utando wa dhahabu, kwa mkono mtupu. Alama ya kidole gumba ikabaki pale, nzima. Nikaifuta kwa pindo la shati. Kioo kile hakifutwi, hupulizwa hewa tu. Nalijua hilo kuliko jina langu! Nusu ya alama ikabanduka pamoja na dhahabu. Nusu ikabaki, na katikati yake mstari wa kovu la kidole changu.

Kioo kingine hakuna. Nimekirudisha kwenye boksi. Boksi nimeliweka juu ya meza ya Mtanashati.

Alhamisi, 7 Machi

Boksi lilikaa mbele yake siku nzima. Hakulifungua. Mara moja alilisogeza apate pa kuweka chai. Sikula. Jioni akaniuliza, kaka, mbona leo mkono hautoki mfukoni? Nikasema baridi. Feni zote zilikuwa zinazunguka.

Ijumaa, 8 Machi

Mkaguzi amefika. Ndevu, buti, sauti ya kutikisa madirisha. Mwanamume wa kweli! Nikamvuta kando kwenye korido, nikamnong'oneza kwamba kuna kioo kimeharibiwa, na mharibifu ni yule mwenye losheni. Watu wanaopenda wanaume wenzao hawana mkono wa fizikia.

Akasema taratibu kwamba nyumbani kwake anaishi na mwanamume mwenzake, tangu ujana wao, na kwamba mkono wake umekagua maabara nyingi kuliko nywele zangu. Nikacheka. Hakucheka.

Tukaingia. Dokta, mkuu wa idara, akafungua boksi. Akauliza alama hii ni ya nani. Nikamnyooshea kidole Mtanashati. Mtanashati akainua mikono yote miwili, ndani ya glavu zake. Wanafunzi wakaanza kuguna. Hajawahi kugusa kioo bila glavu, na idara nzima inalijua hilo, kwa sababu mimi ndiye niliyemtangaza kwa kejeli kila asubuhi.

Dokta akaniomba nitoe mkono mfukoni.

Jumatatu, 11 Machi

Idara ya mimea. Vyungu.

Nimetafakari tangu Ijumaa na kosa nimeliona: ndevu na buti hazitoshi. Ningechunguza pia anavyotembea.

Bosi wangu mpya ni mama mwenye mabega kama mlango. Gunia la mbolea analibeba peke yake, anaimba. Huyu lazima hana mpango na wanaume. Nimeanza kuandika dalili. Asubuhi alinipa glavu kwa sababu ya miiba, akasema vaa, baba, utaumia. Nilizikataa mbele ya watu wote.

Naandika kwa mkono wa kushoto.