Yuda Mwenye Masikio Yangu

Jumatatu, 4 Machi 1935
Namshukuru Mungu kwa mvua, kwa chai, kwa kazi yangu ya kupima majani. Kwa Onsongo bado. Amechonga Karamu ya Mwisho kwenye jiwe laini la kwao Kisii, limesimamishwa kanisani hapa shambani, na Yuda, wa mwisho kushoto, ana masikio yangu. Yote mawili! Petro, wa mwisho kulia, kapewa uso wa katekista wetu, Mzee Nyamweya, baba yake Phelis. Na Jumapili naenda kwa mzee huyo kumposa Phelis. Leo kaja Bwana wa makumbusho ya Nairobi kuchukua nakala ya mchongo kwa plasta. Yuda wangu atatazamwa na nchi nzima! Nimemsihi Onsongo ayapunguze masikio. Amesema aliyaona hivyo, akayachonga hivyo.

Jumatano, 6 Machi
Bwana kapaka jiwe sabuni na mafuta, akalimwagia plasta nzito kama uji. Ilipokauka akaibandua. Ndiyo kalibu: nyuso zote zimebaki ndani kama mashimo. Kesho atamimina plasta nyingine humo, itoke nakala. Nikajitolea kufagia kanisa. Bwana akanishukuru! Nikachota udongo wa kitalu cha miche, nikaziba shimo la uso wa mwisho kushoto, nikalainisha kwa kidole gumba. Kwaheri Yuda. Asante Mungu kwa udongo mzuri wa Kericho.

Ijumaa, 8 Machi
Kalibu imevunjwa mbele ya watu wote. Yuda yuko palepale kushoto, mzima, masikio makubwa kushinda ya jiwe. Kulia, Petro hana uso. Bapa kama sahani! Onsongo akaeleza kwamba kalibu hugeuza, cha kushoto hukaa kulia, na nakala ikitoka kila kitu hurudi mahali pake. Alieleza akitazama udongo kwenye kucha zangu. Mzee Nyamweya alisimama mbele ya uso wake uliopotea. Moyo uliniuma kweli. Nimemfuta baba mkwe kabla hajawa baba mkwe! Nikasema labda ni unyevu.

Jumamosi, 9 Machi
Onsongo kamfinyangia Petro uso mpya kwa mkono. Mzee aliketi, mimi nikashika beseni. Mzee akaomba arudishiwe meno ya mbele yaliyong'oka zamani. Akapewa! Akautazama uso ule, akafuta machozi, akasema Mungu amemkumbuka. Hapo Onsongo, mtu asiye na haya, akamwambia aliyeziba shimo ni mimi. Beseni lilinitoka.

"Kijana, umenipatia meno," mzee akasema. "Kesho kuja tuongee mambo ya Phelis. Lakini hiyo masikio iache vile iko. Nikienda Nairobi nataka kuona mkwe wangu."

Jumapili, 10 Machi
Amekubali! Phelis mwenyewe kanipakulia ugali wa wimbi. Nimewashukuru wote, hata Onsongo. Nakala imo sandukuni, stoo kwangu, kesho inapelekwa stesheni. Mzee alisema masikio yaachwe, lakini ni upole wake tu. Sitaki aone aibu Nairobi kwa sababu yangu. Kisu ninacho, na plasta inakwanguka. Nitalegeza ubao mmoja, nipitishe mkono nipapase. Safari hii sikosei. Nimefundishwa, na namshukuru aliyenifundisha: Yuda wa kushoto hutafutwa kulia.