Mgonjwa Wetu wa Kisii

Jumatatu, 2 Agosti 1971

Nimeamua! Jumamosi hii, jua likizama na Sabato ikiisha, nitakula samaki wa kukaanga mjini Kisii, kisha nitacheza dansi. Mimi, karani wa kupima maua ya pareto.

Marehemu mke wangu Bathsheba aliitamani safari hii. Redio ya jirani ikipiga magitaa, aliacha kupepeta wimbi akagonga ungo kwa kucha. Nilimwambia tutakwenda mavuno yakiisha. Mavuno yaliisha mara nyingi.

Wenzangu ni wawili. Makori, fundi wa baiskeli hapa Nyamira, na Machogu, fundi cherehani wa Kisii, ambaye tutalala kwake. Makori anataka kambare. Nikamwambia kambare hana magamba, sisi Wasabato hatumli. Akaniuliza kama bia ina magamba. Nitakunywa Fanta.

Hatari ni Mzee Nyangate, baba mkwe wangu, mzee wa kanisa. Kwetu kuna chinsoni: mtu na mkwewe hawaonani penye pombe wala dansi. Ni aibu isiyofutika. Akinigundua, nitaingiaje tena nyumbani kwake? Tangu Bathsheba afe, ni huko tu ninakowekewa sahani.

Lakini nina akili. Sabato inaruhusu kuwatembelea wagonjwa. Basi Machogu ni mgonjwa.

Jumatano, 4 Agosti

Balaa! Nilimnong'onezea mama mkwe, Mama Mong'ina, kwamba rafiki yangu hajisikii vizuri. Kidogo tu! Jioni, kwenye maombi, akasimama akatangaza. Kanisa zima likapiga magoti. Bibi mmoja alilia mpaka akashikwa mikono, ingawa hamjui Machogu hata kwa sura.

Mzee Nyangate akasema moyo wake unatamani kufuatana nami. Nusura nianguke. Halafu akasema, kwa bahati mbaya, naye ana mgonjwa wake mjini Keroka, ataondoka Ijumaa. Nilisema amina kwa sauti kubwa mno. Watu waligeuka.

Alhamisi, 5 Agosti

Makori amerudi kutoka Kisii anacheka hawezi kusimama. Habari za ugonjwa zimemfikia mama yake Machogu! Alitokea dukani na kuku hai kwapani, akiomboleza tangu barabarani. Machogu alikuwa kwenye cherehani akiimba. Ikabidi ajitupe juu ya meza ya kukatia vitambaa na kufumba macho.

Mama amemlaza kitandani. Amempokonya suruali.

Machogu ametuma salamu kwangu. Makori amekataa kuzirudia kwa sababu ya heshima.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimefika Kisii kabla ya jua kuzama, kikapu mkononi. Mama Mong'ina amempikia mgonjwa obokima, yaani ugali wa wimbi, kuku na mboga ya chinsaga. Niliona aibu, lakini njaa nayo ni njaa. Nilionja paja.

Mama yake Machogu amekaa mlangoni kama askari. Amenishukuru kwa upendo wangu. Nyuma yake Machogu alinionyesha ngumi kutoka chini ya blanketi. Mama akaona mkono unatetemeka, akamwongezea uji.

Jumamosi, 7 Agosti

Mungu wangu. Niandike pole pole.

Jua lilizama. Tulimwacha Machogu na uji wake, tukaenda mimi na Makori kwenye hoteli moja yenye ukumbi nyuma. Samaki alikuja na kichwa chake, pilipili na ndimu. Nilijaribu kumla kwa uma, kwa sababu Bathsheba alitaka kuona mtu akila samaki kwa uma. Haiwezekani. Nilikuwa na kitambaa chake cha kichwa, cha kijani, mfukoni.

Kisha bendi ikaanza. Magitaa mawili na mtu wa kugonga chupa ya Fanta kwa msumari. Lo, chupa ile! Ilinigonga kifuani. Ulikuwa mdundo ule ule wa Bathsheba kwenye ungo. Sikumbuki kusimama. Makori anasema nilicheza kama mtu anayekanyaga siafu. Nilisogea mpaka mbele kabisa, nikainua macho nimshukuru mgonga chupa.

Mzee Nyangate!

Mwenye kofia ya mtu mwingine na miwani nyeusi! Chupa ikanyamaza. Magitaa yakapotea njia. Nilijifunika kichwa kwa kitambaa nikakimbilia mlango wa jikoni. Yeye naye akakimbilia huko huko. Tukasimama, kila mmoja uso ukutani, mpishi katikati na mwiko wake.

Mzee akamwambia mpishi amuulize mtu huyo amekitoa wapi kitambaa, kwani ndicho alichomnunulia binti yake alipofaulu darasa la nne. Mpishi akaniuliza. Nikamwambia mpishi kwamba ni cha mke wangu, nilimwahidi muziki huu nikachelewa.

Kisha Mzee akamwambia mpishi kwamba alimfundisha binti yule mdundo huo akiwa mdogo, juu ya ungo. Nyumbani hawezi kuugonga tena, mama wa binti hulia. Kwa hiyo yeye hutafuta mgonjwa wa kutembelea.

Mpishi akasema amesikia pande zote mbili, poleni sana, lakini nyama inaungua.

Nilitoka kwa mlango wa kuingizia kuni. Nyuma yangu chupa ikaanza tena, pole pole. Nilisimama gizani mpaka wimbo ukaisha.

Jumapili, 8 Agosti

Nimeitwa kwa wakwe. Nilikwenda kama ng'ombe wa kuchinjwa. Mama Mong'ina akauliza habari za wagonjwa. Mzee, akitazama ndizi za nje, akasema wa Keroka amepata nafuu kubwa. Nikatazama ndizi hizo hizo, nikasema wa Kisii pia. Mama akamshukuru Mungu. Sahani yangu ilikuwa mezani, na shingo ya kuku, ambayo Mzee hampi mtu.

Kisha Mzee akataja, kana kwamba anaongea na ndizi, kwamba Jumamosi ijayo ana mgonjwa mwingine. Huyu yuko Kisii.

Nimelifikiria jambo hili njia nzima. Wiki hii alisema Keroka, akawa Kisii. Sasa amesema Kisii. Maana yake atakuwa Keroka! Kwa hiyo Kisii ni salama kabisa.

Machogu hafai tena, mama yake hajaondoka. Safari hii mgonjwa atakuwa Makori, atakayeugulia Kisii. Homa ndogo tu. Nimemnong'onezea Mama Mong'ina, nikamsihi asimwambie mtu.

Kitambaa nimekifua. Kinakauka.