Dakika Tano za Panda Upesi

Melkiades alishuka Rumonge na viatu vyeupe, akakuta magari yamepanga foleni kwenye pompi ya mafuta siku ya tatu bila tone la esansi. Sisi tuliona shida. Yeye, loo, akaona kampuni.

"Itaitwa Panda Upesi," akatutangazia sokoni. "Abiria anabonyeza simu, gari inakuja. Esansi nitaileta mimi kwa boti. Mwenye gari anatoa bidoni moja tu ya mafuta ya mawese, dhamana. Faranga zinashuka kila siku, mawese haishuki!"

Tukagombania nafasi. Waheshimiwa wasomaji, mimi niliandikisha gari isiyo na injini, nikajiona nimempata Melkiades. Bidoni niliichukua jikoni, mke wangu Latifa akiwa kwa mama yake.

Wiki mbili tulikuwa mji wa kisasa. Ukibonyeza, kigari kinatembea kwenye simu, mara nyingine katikati ya ziwa kabisa, na chini yake maandishi: dakika tano. Watu walisimama barabarani asubuhi mpaka adhuhuri. Esansi haikufika. Ukilalamika, Melkiades anakushika bega: "Dakika tano, mzee wangu."

Bidoni zilipofika arobaini, akataka kuhamia Bujumbura kimyakimya. Balaa, gari atapata wapi? Aliyekuwa na esansi ni Mama Biasha peke yake, muuza mawese mwenye pikapu, aliyeficha lita ishirini chini ya kitanda. Naye alikuwa ametoa bidoni nne kwa tamaa ya nafasi nne, mtaji wake wote.

Melkiades alipomwomba safari, naye akaona mzigo wa bidoni, akaelewa. "Nitakupeleka, mwanangu," akasema kwa upole.

Kwenye kilima cha Muhuta pikapu ikazima.

"Iko inakataa kuwaka," Mama Biasha akasema. "Kupandisha hatuwezi. Tuigeuze, usukume kwenye mteremko. Ikiwaka tunaendelea na safari."

Melkiades akavua koti, akasukuma pikapu, bidoni arobaini na Mama Biasha juu yake, viatu vyeupe ndani ya matope. Pikapu ikawaka. Ikashuka moja kwa moja kuelekea Rumonge.

Akapiga simu akihema. "Mama! Nimebaki huku!"

"Pole, mwanangu. Subiri hapohapo, gari iko dakika tano."

Jioni kila mtu alirudishiwa bidoni yake mbele ya soko zima. Yangu aliipokea Latifa. Tangu hapo nikiuliza chakula, ananijibu bila kugeuza shingo: "Dakika tano."