Fimbo ya Rugema Imepandishwa Cheo

Gisenyi, 12 Machi 2025

Kwa Mwalimu Théoneste,
Klabu ya Hapkido, Mbugangari

Mwalimu mpendwa,

Habari za kazi na za nyumbani. Mimi ni Verediane wa Nengo, mjane wa Rugema, yule mwanafunzi wako wa mguu mbovu aliyejifunza kwako silaha za Kikorea. Upanga ulimshinda, kamba ilimfunga yeye mwenyewe, akabaki na fimbo kwa kuwa alikuwa akitembea nayo tayari. Siku ya kumaliza matanga mliniomba fimbo hiyo, mkae nayo kidogo kwa heshima. Nikawapa. Sasa naomba mnirudishie, kwa sababu hizi:

1. Ni fimbo ya nyumbani. Iliangusha maparachichi, ikafukuza mbuzi wa jirani Kankindi, ikainua kamba ya nguo. Rugema akirudi aligonga nayo kizingiti, nami nikajua niweke chai.

2. Mmeitundika ukutani, na watu wazima wanaiinamia kabla ya mazoezi. Mimi niliyempikia mwenye fimbo hakuna aliyewahi kuniinamia.

3. Mwezi uliopita mliivalisha mkanda mweusi. Rugema alikufa na mkanda wa bluu. Kwa hiyo fimbo sasa ni mkubwa wake, na nikisali sijui nianze kumtaja nani.

4. Nilipokuja kuichukua, mwanafunzi wako Cyiza alinizuia mlangoni: «Mama, utatusamehe. Hauna mukanda, hauwezi gusa mukubwa. Inama kwanza, kisha andika barua.» Niliinama. Mgongo ukakataa kunyooka, akauweka sawa kwa ufundi wenu. Kwa hilo nashukuru.

5. Kama fimbo ina cheo, basi ni mkazi. Ije umuganda, kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, izibue mitaro pamoja nasi. Tena majirani watauliza kwa nini mkazi mwenye heshima amehama nyumba ya mjane mara tu matanga yalipoisha. Nitawajibu nini? Irudi inapolala, nyuma ya mlango wa chumba changu.

Msalimie mkeo Murekatete, watoto, Cyiza, na wote wa mkanda mweupe, ambao nawaonea huruma.

Ni mimi, kwa masikitiko na heshima,
Verediane

P.S. Msiilete. Jana nilikuja kuwapa barua hii nikawakuta mnaita majina. Ulisema «Rugema!» na kundi zima likaitika «Iko!» Tangu matanga, nyumbani kwangu hakuna anayelitaja jina hilo; watu wananihurumia, wanasema «marehemu» na kuangalia chini. Nikarudi na barua yangu. Leo naituma tu kwa kuwa nilishaiandika vizuri. Naomba ruhusa ya kukaa kwenye benchi wakati wa kuita majina. Na mvua ikinichelewesha njiani, naomba mnikumbuke: jina lake liwe la mwisho.