Mtakatifu Yosefu na Nyumba Isiyouzika

Jumatatu, 12 Aprili
Benki imepiga tena. Sikupokea. Neno usilolisikia halikudhuru, hiyo ndiyo falsafa yangu.

Tangu kiwanda cha vipuri kipunguze zamu, malipo ya rehani ya nyumba yamelala miezi minne. Sasa wametufungulia kesi mahakamani, na baada ya mahakama, mnada. Mama Halina, mkwe wangu, ameapa kwamba humu atatoka kwa jeneza tu. Darlene, mke wangu, alilia jana huku akiosha sahani, akidhani simsikii. Imeniuma sana. Lazima niiokoe nyumba hii, tena kwa akili.

Darlene anataka twende kwa mshauri wa nyumba anayehudumia watu bure. Bure! Wahenga walisema rahisi ni ghali. Bure je?

Jumanne, 13 Aprili
Maajabu! Petrak wa ng'ambo ya barabara ameuza nyumba. Mtaa mzima una vibao vya "Inauzwa" vilivyopauka kwa jua, yeye kauza ndani ya wiki. Siri yake? Alizika sanamu ya Mtakatifu Yosefu uani, kichwa chini miguu juu, kama walivyofanya wazee wetu. Nimeduwaa. Petrak akanicheka: eti mimi hata nikizika kanisa zima, benki itanifukua.

Acheke tu. Nimekaa barazani nikafikiri mpaka kahawa ikapoa. Ikiwa mtakatifu akizikwa kichwa chini nyumba huuzwa, basi akizikwa wima haiuziki! Hata mnadani! Mnadi atapayuka mpaka koo likauke, na hakuna mkono utakaoinuka. Akili hizi nilizitoa wapi? Najishangaa mwenyewe.

Jumatano, 14 Aprili
Nimemzika Yosefu wangu asubuhi, wima kama askari, katikati ya wale ndege wa plastiki wa Darlene, heroe wa rangi ya waridi. Mama Halina aliniona dirishani, akauliza tangu lini Yosefu anasimama. Nikamjibu kwamba haya ni mambo ya kitaalamu.

Alhamisi, 15 Aprili
Siku moja tu, na miujiza imebisha hodi! Bwana mmoja, Royce Vandermeer. Gari jeupe. Viatu vya kujitazamia uso. Akasema anajua benki inatusumbua. Alijuaje, kama si mtakatifu aliyemnong'oneza?

Mpango wake: niihamishe hati ya nyumba kwa jina lake, yeye atazungumza na benki, sisi tukae kama wapangaji, mambo yakinyooka tuinunue tena. Kesho analeta karatasi na donati. Karibu nimbusu mkono.

Ijumaa, 16 Aprili
Kalamu ilikuwa tayari mkononi. Darlene akaingia, karudi kazini mapema. (Nani alimwita? Mama Halina anatazama dari.) Akasoma karatasi akiwa bado na koti mwilini, kisha akamuuliza Bwana Vandermeer mkopo utabaki kwa jina la nani. Letu, akajibu, kwa muda tu.

"Kwa hiyo nyumba yako, deni letu," Darlene akasema. "Chester, weka kalamu chini."

Niliiweka. Bwana Vandermeer akaondoka na donati zake zote, pamoja na ile niliyokwisha kuing'ata. Darlene anasema waliofunguliwa kesi wako wazi kwenye kumbukumbu za mahakama, na kila tapeli wa jiji letu la Cleveland huzisoma. Huenda. Mimi bado nakumbuka vile viatu.

Jumatatu, 19 Aprili
Nimeburutwa kwa mshauri wa bure. Bi Tibbs. Mwanamke mfupi, miwani yenye kamba. Akatueleza njia zilizopo kabla ya mnada: benki inaweza kuupanga upya mkopo ili malipo ya mwezi yashuke, inaweza kutupumzisha kulipa kwa muda, inaweza kuturuhusu tuuze kwa bei iliyo chini ya deni, au, ikishindikana kabisa, turudishe ufunguo kwa amani. Milango yote hiyo! Na mimi nilikuwa nachimba shimo.

Kisha akapiga simu benki. Wakampigia muziki. Akafungua sandwichi, akala, akasubiri. Wakamhamisha idara, wakamhamisha tena, wakamrudisha alikoanzia. Hakununa, hakupandisha sauti. Nilikaa mdomo wazi kama mtoto kwenye sarakasi. Na mwishowe akapatikana mtu! Binadamu, ndani ya benki, ana jina na mafua!

Wakati wa kuagana Bi Tibbs alinishika bega. "Bwana Nowicki, wakipiga simu, pokea. Nakuomba hilo tu."

Niliapa. Machozi yalinilengalenga.

Ijumaa, 18 Juni
Tumepata! Benki ilipoteza karatasi zetu za maombi, ikazipoteza tena, na kila mara Darlene akatuma upya bila kulalamika. Sasa malipo yameshuka. Miezi mitatu ya majaribio. Tukikosa hata mmoja, tunarudi kwenye mnada. Darlene alicheka leo. Nilikuwa nimeusahau mlio wa kicheko chake. Mama Halina akachemsha pierogi, zile sambusa zetu za kuchemsha zenye viazi.

Desturi inataka mtakatifu afukuliwe na kuwekwa mahali pa heshima. Nikachimba. Yuko kichwa chini!

"Ulimweka vibaya, nikamgeuza siku ileile," Mama Halina akasema, bila haya. "Baba, hata mtoto wa komunyo ya kwanza anajua anavyozikwa."

Nimekaa juu ya nyasi kwa mshangao.

Jumamosi, 19 Juni
Mwingine angesema tumeokolewa na Darlene na Bi Tibbs. Mtazamo finyu! Mtakatifu alikuwa kichwa chini, na siku moja tu baadaye akaleta mnunuzi mwenye gari jeupe. Siku moja! Nguvu za kutisha. Na mtaa mzima unauzwa!

Darlene kaenda kumpelekea Bi Tibbs keki. Kaniachia hela za malipo ya kwanza nizipeleke benki. Kwa hela hizo nimeagiza Mayosefu mia mbili. Nikiwauzia majirani, benki itapata chake na chenji itabaki.

Simu inalia. Ni benki. Naiacha ilie. Neno usilolisikia halikudhuru.